Kibuyu cha Dereva

Kila Ijumaa jioni Seabelo aliosha pikapu yake. Aliiosha kwa ndoo mbili za maji, hata ule mwaka wa ukame ambapo mkewe, Galefele, aliosha vyombo vyote kwa nusu ndoo. Wanaume wa kijiji cha Letlhakola walimtania kwamba gari linapendwa kuliko mke. Yeye alicheka tu akaendelea kusugua matairi. Alikuwa fundi wa pampu za visima, mtu wa miaka hamsini na sita, na pikapu ile ilikuwa ndiyo miguu ya ukoo mzima. Mgonjwa akipelekwa hospitali, aliitwa Seabelo. Magunia ya mtama yakitoka shambani, aliitwa Seabelo.

Alijiona dereva mwangalifu. Alikuwa na sheria yake moja, na aliitangaza kila mahali: akishika usukani hagusi bia ya chupa. Vijana waliotoka baa na kuingia moja kwa moja kwenye magari aliwasema hadharani, bila kupunguza sauti. Hao, alisema, ndio wanaotumaliza.

Lakini pombe ya mtama, ile inayopikwa nyumbani na kunywewa kwa kibuyu, hakuihesabu. Pale kijijini hakuna aliyeihesabu. Pombe ya mtama ilikuwa chakula. Ni nzito, ina machicha, inashibisha. Mtu aliyelima tangu alfajiri hupewa kibuyu kimoja, akajifuta mdomo, akarudi kwenye jembe. Seabelo aliamini kwamba kuiita ile pombe ulevi ni sawa na kuuita uji ulevi. Aliamini hivyo kwa moyo safi kabisa, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mwaka huo, mwezi wa tatu, mpwa wake Onalenna alipata mchumba katika kijiji cha Phiriyabo, mwendo wa saa moja kwa gari. Kwa desturi yao, anayeongoza posa ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba alikuwa Seabelo. Na gari lilikuwa la Seabelo. Kwa hiyo alikwenda na vyeo viwili siku moja, mjomba na dereva, wala haikumpitia akilini kwamba vyeo hivyo viwili vinaweza kugombana.

Waliondoka alfajiri, maana posa hupelekwa kabla jua halijapanda. Wazee wawili walikaa mbele na Seabelo. Nyuma, kwenye bodi ya pikapu, walikaa wanawake watano, wote wake za watu, wamejifunga mablanketi mabegani na vitambaa kichwani. Galefele alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma, ili wenzake wenye magoti mabovu waegemee vizuri.

Posa ilikwenda vizuri. Waliwekwa nje ya lango kwa muda wa kutosha, kama inavyopaswa, kisha wakakaribishwa. Walikaa chini, wakataja ukoo wao na mnyama wa ukoo wao. Kisha Seabelo akasema maneno ambayo wajomba wote husema, kwamba wamekuja kuomba kibuyu cha maji. Maana yake wanaomba binti. Wenyeji walinong'onezana, wakauliza maswali, wakakubali. Wanawake wakapiga vigelegele. Seabelo alihisi jasho la mgongo likimkauka.

Ndipo mjomba wa binti, Mzee Mokgosi, alipoingia na kibuyu kilichojaa hadi ukingoni. Alionja kwanza yeye, kuonyesha hakina sumu, kisha akakishika kwa mikono miwili na kumpa Seabelo.

Mjomba hakatai kibuyu cha mjomba mwenzake. Seabelo alikunywa. Kibuyu kilizunguka, kikarudi, akanywa tena. Ililetwa nyama iliyopondwa na mtama uliopikwa mzito, akala, akanywa. Mama wa binti akaleta cha kwake, ambacho nacho ni vibaya kukikataa. Kufikia saa sita mchana Seabelo alikuwa amesahau hesabu, si kwa sababu amelewa, alivyojua yeye, bali kwa sababu hakuna anayehesabu vijiko vya uji.

Galefele alimsogelea wakati wenzao wakiaga.

"Baba Lesego, hebu tungoje kidogo jua lipungue."

"Tungoje nini? Watu wana mifugo nyumbani."

"Umekunywa sana leo."

"Nimekunywa uji, Mama Lesego. Hebu niangalie vizuri. Mimi nimelewa?"

Galefele alimtazama. Mumewe alisimama wima. Alisema maneno yote vizuri. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Hakuwa na namna ya kumwambia amelewa. Akachukua blanketi lake akapanda nyuma.

Barabara ya kutoka Phiriyabo ni lami iliyonyooka. Seabelo aliendesha akiwa na furaha tele. Aliwaeleza wazee wale wawili jinsi alivyomjibu Mzee Mokgosi, akaeleza mara ya pili, na mkono mmoja ulikuwa hewani ukisaidia maelezo. Walipokaribia Letlhakola, mbele, kwenye kivuli cha miti ya miiba, kulikuwa na punda wanne. Aliwaona. Baadaye aliapa kwamba aliwaona, na ni kweli. Aliwaona wakiinua vichwa, aliwaona wakiingia barabarani, na alijua kwamba anatakiwa kukanyaga breki. Lakini mguu ulikawia. Ulikwenda kwenye breki baadaye, wakati mikono ilikuwa tayari imeshazungusha usukani.

Pikapu iliacha lami, ikaingia kwenye mchanga, ikapiga kichuguu, ikalala ubavu.

Kisha wanawake wakaanza kuitana. Mmoja alikuwa kwenye miiba, akilia kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Wawili walikuwa wamekaa mchangani, wamepotewa na viatu. Wa nne alichubuka mkono. Seabelo alitoka kupitia dirishani, wale wazee wawili wakamfuata wazima, akawahesabu wanawake, akapata wanne. Alihesabu tena. Galefele alikuwa amelala mbali zaidi ya wote, blanketi limemfunika uso, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Alimwita kwa jina la mtoto wao. Hakujibu. Akamwita kwa jina lake la usichana, ambalo hakuwa amelitamka miaka thelathini. Hapo Galefele akafumbua macho, akamtazama, akayafumba tena.

Gari la wagonjwa lilikuja, likamchukua Galefele. Polisi nao walikuja, wawili, wenye haraka. Walimkuta Seabelo amesimama wima, koti bado limefungwa. Walimuuliza nini kimetokea.

"Punda," alisema Seabelo.

Wakaandika punda. Hawakumpima, maana utaratibu wa pale ulikuwa kumpima anayeonekana amelewa, na yeye hakuonekana. Punda wale walikamatwa siku ileile na kupelekwa kwenye zizi la serikali la mifugo inayozurura. Walikuwa wa Bwana Ditsele, mteka maji wa Letlhakola.

Hospitali ya wilaya ilikuwa imejaa, kama kila Jumamosi. Seabelo alikaa kwenye benchi la korido. Galefele alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji. Hakuna aliyemwambia kama atatoka na miguu miwili, wala kama atatoka. Alijaribu kuomba lakini maneno yalimkimbia. Akabaki akitazama mlango.

Aliyemkuta pale alikuwa Sista Kebonang, muuguzi wa chumba cha dharura, jirani yake wa ua kwa ua. Alimletea maji, akakaa kando yake. Alivuta pumzi mara moja, akasikia harufu ya mtama uliochacha, akauliza kwa sauti ya chini.

"Baba Lesego, leo mmekunywa nini huko ukweni?"

"Pombe ya mtama tu. Chakula."

"Vibuyu vingapi?"

Seabelo alisema havihesabiki. Alitaka kusema kwa majivuno ya kawaida, lakini yalitoka kwa aibu.

Sista Kebonang hakumkaripia. Alimweleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa wanaotakiwa kumeza dawa kwa saa. Alisema kileo ni kileo. Mwili haujui kama kimetoka kwenye chupa, kwenye pakiti au kwenye kibuyu. Tofauti ni kwamba chupa imeandikwa ukali wake, kibuyu hakijaandikwa. Chungu cha Alhamisi kikiachwa mpaka Jumamosi kinazidi kuwa kikali, na mnywaji anakunywa vilevile. Mtu anaweza kunywa vibuyu vinne vya chakula chake akawa na kileo kingi mwilini kuliko wale vijana wa baa anaowasema.

"Lakini sikulewa, Sista. Nilikuwa najielewa kabisa."

"Ndiyo. Kuanguka na kubwabwaja huja mwishoni. Kinachotangulia ni woga kuisha. Mtu anajisikia yuko sawa, hata anaendesha kwa mkono mmoja. Macho yanaona, lakini habari inachelewa kufika miguuni. Uliwaona wale punda?"

Seabelo aliutazama mguu wake wa kulia, ule wa breki.

Aliuliza kama kahawa ingesaidia. Au maji baridi kichwani. Kuna wanaosema maziwa ya mgando yanakata. Sista alisema hakuna kinachokata. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho. Chakula huchelewesha kileo kuingia, hakikitoi. Anayekitoa ni ini, na ini halipokei amri wala bembelezo. Hufanya kazi kwa mwendo wake, saa baada ya saa, na aliyekunywa mchana kutwa anaweza kuamka kesho yake asubuhi bado hajafaa kushika usukani. Dawa ni moja tu, kuacha ufunguo mezani.

"Unajua Jumamosi hapa tunawaita nini?" alisema akisimama. "Siku ya sherehe. Posa, harusi, mazishi. Wanaletwa wakiwa na nguo nzuri. Mwezi uliopita nilimkata mtu suti mpya kwa mkasi ili nimfikie kifua. Huyo hakurudi tena nyumbani."

Daktari alitoka saa kumi na moja jioni. Alisema Mama Lesego amezinduka. Wameunga mfupa wa paja kwa chuma, mguu utapona, atatembea, ila itachukua miezi. Kichwa ni kizima. Amekwisha kuuliza nani anakamua mbuzi.

Seabelo alishukuru mara tatu, akakaa chini kwenye sakafu ya korido, akalia mbele za watu. Alilia kwa raha ya kupona balaa asilostahili kupona. Sista Kebonang alimwacha alie, kisha akamwambia aende akanawe uso kabla hajaingia wodini, asije akamtisha mgonjwa.

Galefele alilazwa wiki tatu. Seabelo alikwenda kila siku na supu. Walizungumza habari za mbuzi, za paa la nyumba, za Onalenna. Siku ya kuruhusiwa, Seabelo alikuja na pikapu, imenyooshwa bodi, imeoshwa, na godoro limetandikwa nyuma. Galefele alisimama kwenye magongo yake, akalitazama gari.

"Mimi nitapanda basi," alisema.

"Na mguu huo?"

"Na mguu huuhuu. Nimekusamehe, Baba Lesego, sina kinyongo. Lakini kwenye gari lako sipandi. Siku ile nilikuomba tungoje, ukaniambia nikuangalie. Nilikuangalia, sikuona kitu. Sasa siku nyingine nitajuaje?"

Seabelo alifunga mlango wa pikapu. Alimpeleka kituoni kwa miguu, amebeba mfuko wake, akamsaidia kupanda. Alirudi nyumbani peke yake kwenye gari lenye godoro tupu, nyuma ya basi, njia nzima.

Kuanzia siku hiyo Galefele alikwenda kliniki kwa basi, kanisani kwa miguu, sokoni kwa gari la jirani. Hakununa. Alipika, alicheka, alimtania kama zamani. Ila gari likiguswa tu alikuwa na shughuli nyingine. Seabelo angependelea kutukanwa.

Mwezi wa tano chifu aliitisha kgotla, yaani baraza la kijiji. Watu walikuja na viti vyao, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Galefele miongoni mwao na magongo yake. Mgeni alikuwa sajini wa polisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya. Alisema serikali inakusanya maoni kuhusu kuikaza sheria ya ulevi barabarani. Mapendekezo yalikuwa haya: kwenye kizuizi kila dereva apulize kipimo, asichaguliwe kwa sura. Ajali yoyote yenye majeruhi, madereva wote wapimwe hapohapo. Anayebeba watu asiwe na kileo hata kidogo mwilini. Na atakayepatikana, leseni ichukuliwe siku hiyohiyo, faini baadaye.

Kelele zilianza. Mmoja alisema hizo ni sheria za watu wa Gaborone wenye mabasi na teksi za kuita, huku kijijini mtu ataendaje harusini? Mwingine aliuliza kama sasa polisi watachungulia hadi kwenye vibuyu vya ukweni, watu wakacheka. Mama Sebego, mpishi maarufu wa pombe, alisema yeye amesomesha watoto watatu kwa chungu kile, na asingependa kusikia anaitwa muuaji.

Seabelo aliketi akitazama chini. Kusema kweli, alikuwa amekuja akiwa ameazimia kunyamaza. Kesi ilikuwa imekwisha, imeandikwa punda, hakuna aliyemdai neno. Angeweza kuzeeka hivyohivyo. Kisha akamwona Bwana Ditsele upande wa pili, na mkewe kule kwenye viti vya wanawake, mguu umenyooshwa mbele yake. Akasimama. Akavua kofia.

"Chifu, na nyinyi wenzangu. Mwezi wa tatu niliangusha gari, mkaambiwa ni punda. Mimi ndiye niliyesema. Si punda. Nilikuwa nimekunywa vibuyu vingi ukweni nikakamata usukani. Nilibeba watu saba. Mke wangu ndiye huyo hapo."

Alimgeukia sajini.

"Polisi walikuja, wakaniona nimesimama vizuri, hawakunipima. Sheria ilinitazama usoni ikaniacha. Nilifurahi siku ile. Leo nasema heri ingenipima. Mwaka jana ingekuwa inampima kila mtu, labda ningejua mapema kwamba uji wangu unalevya. Mimi mwenyewe sikujua. Mke wangu alinitazama, hakujua. Kile kipimo kingejua. Mkitaka kuikaza, ikazeni, mimi naunga mkono."

Akakaa. Bwana Ditsele alisimama polepole. Alikuwa mwembamba, na siku hiyo alionekana mrefu.

"Punda wangu walifungwa siku tisa," alisema. "Siku tisa nimebeba maji kichwani mwangu, watu wananiita mfuga wauaji. Kumbe wamefungwa kwa kosa la mjomba."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Umechelewa, Seabelo. Lakini umesema. Sasa utateka maji yangu siku tisa."

Chifu alisema hiyo ni haki. Sajini naye alifungua daftari, akamwambia Seabelo kwa upole kwamba maneno aliyoyasema barazani itabidi ayarudie kituoni. Seabelo alisema anajua.

Ndipo Mama Sebego aliposimama tena. Alisema sasa ameelewa, na kwamba tatizo si chungu chake. Tatizo ni kwamba kibuyu kinapofika, hakuna anayejua nani ana ufunguo. Wageni wakifika hutaja ukoo na mnyama wa ukoo. Basi wataje na dereva.

"Dereva ni huyu, jina lake fulani. Akishatajwa, kibuyu chake kinaletwa kikiwa na togwa, ile isiyolevya. Mimi napika pombe, napika na togwa, vyote viko jikoni kwangu. Kibuyu ni kilekile na heshima ni ileile. Na mjomba akiwa ndiye dereva, basi anywe togwa, pombe yake inywewe na mdogo wake."

Watu waliitikia "Pula!" kama wanavyoitikia neno zuri pale barazani, wakiombea mvua. Maoni yaliandikwa, yakapelekwa Gaborone. Sheria huchukua muda kupikwa. Lakini jambo la kibuyu cha dereva halikungoja mtu wa mjini. Lilianza wiki ileile.

Hakimu alimhukumu Seabelo kwa uzembe na kwa kuwadanganya polisi. Ulevi haukuthibitishwa, maana hakuna aliyempima. Leseni ilichukuliwa miezi sita. Pikapu ikafunikwa turubai. Seabelo aliteka maji siku tisa kwa mkokoteni wa Bwana Ditsele, ukivutwa na punda walewale, na watoto wa shule walitoka madarasani kumwona. Mwishoni yeye na Ditsele walizoeana hivi kwamba alipoitwa kwenye pampu za mbali aliazima mkokoteni. Ukoo mzima ulitembea kwa miguu miezi ile. Walilalamika mpaka wakazoea.

Harusi ya Onalenna ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Leseni ilikuwa imerudi wiki chache kabla. Seabelo alikwenda Phiriyabo na pikapu, wageni wengine wakapanda basi la kukodi, na Galefele akawa kwenye basi. Alikuwa anatembea sasa bila magongo, akichechemea kidogo. Seabelo alimwona akipanda, akajifanya anakagua tairi.

Walipokaribishwa ndani, mdogo wake Seabelo alitaja ukoo, akataja mnyama, kisha akasema, "Na dereva wetu ni mjomba mwenyewe."

Mzee Mokgosi alikuwa amekwisha kukishika kibuyu kwa mikono miwili. Alisimama nacho.

"Mjomba anakataa kibuyu nyumbani kwangu? Siku ya kumchukua mwanangu?"

Kila mtu alimtazama Seabelo. Ilikuwa kweli, mtu angeweza kuharibu harusi kwa jambo dogo kuliko hilo.

"Mzee wangu, sikatai mkono wako," alisema Seabelo. "Mara ya kwanza nilipokea vyote ulivyonipa. Nikatoka hapa nikamvunja mke wangu barabarani. Kibuyu chako nakiheshimu. Ila leo nashika usukani, tena kwenye msafara wa mwanao. Nipe togwa."

Mzee Mokgosi hakuwa amejua. Waliambiwa punda, kama wengine. Aliinua macho akamtafuta Galefele, akamwona anavyokaa, mguu mmoja umenyooka. Alikikabidhi kile kibuyu kwa mdogo wake Seabelo, akatoka mwenyewe, hakumtuma mtu. Alirudi na kibuyu kingine cheupe kwa togwa ya mahindi. Alionja kwanza, kama inavyopaswa, kisha akampa Seabelo kwa mikono miwili.

"Huyu tutamwogopa kweli," alisema. "Mjomba asiyelewa hata kwa kulazimishwa."

Kicheko kilirudi nyumbani mwote. Seabelo alikunywa togwa hadi tone la mwisho, na pumzi aliyoshusha baada ya hapo ilisikika.

Saa tisa alasiri waliaga. Onalenna na bibi harusi wake, pamoja na wasimamizi, walipanda basi pamoja na nyimbo zao. Seabelo alifungua mlango wa pikapu, akakuta kiti cha mbele kina mtu. Galefele alikuwa amekaa, mkoba mapajani, anatazama mbele.

"Basi lina kelele," alisema. "Twende."

Seabelo aliingia. Aliwasha gari. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

Walipokaribia njia panda walikuta polisi wamesimamisha magari yote, moja baada ya jingine. Kwenye wilaya yao walikuwa wameshaanza kumpima kila dereva siku za Jumamosi, hawakungoja sheria ifike. Askari kijana alimwamkia, akaingiza kipimo dirishani.

"Puliza, mzee. Vuta pumzi ndefu."

Seabelo alipuliza hadi mashavu yakauma. Walingoja. Kipimo kilitoa mlio, askari akakigeuza ili naye aone. Kilikuwa sifuri, sifuri tupu, tarakimu zote.

"Asante, mzee. Safari njema."

"Ngoja, mwanangu," alisema Seabelo. "Kishike hapohapo kidogo. Namwonyesha mama."

Akageuka kumwonyesha mkewe. Galefele alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mkoba umeteleza. Hakuwa amesikia kizuizi, wala askari, wala kipimo. Alikuwa amelala usingizi mzito kwenye gari la mumewe, tangu muda gani hakuna ajuaye.

Seabelo alimwashiria askari kwa mkono aondoe kipimo chake, akaondoa gari taratibu sana asimwamshe.